Sikio la Pundamilia

Sehemu ya Tisa

Aliyelivuta lile turubai hakuwa simba.

Pumueni basi, ninyi mlioniandikia barua wiki nzima kuuliza kama Syombua ameliwa. Mama mmoja wa Matiliku ameapa hatanunua tena gazeti hili nikimuua mjane huyo. Nunua tu, mama. Syombua alifumbua jicho moja pale ndani ya lori, akaona shingo ndefu isiyo na manyoya, na juu yake kichwa kidogo kisicho na akili yoyote. Alikuwa mbuni.

Mbuni alimtazama Syombua, akamtazama tena, kisha akadonoa kifungo cha sweta yake na kukimeza.

"Ptu!" Syombua akatema mate. "Yaani nimetetemeka hivi kwa sababu ya kuku?"

Aliyeanza kusoma leo naye asiachwe nyuma. Syombua ni mjane wa marehemu Musembi, na kazi yake ni kuuza maji pale Kwa Vonza. Anayachota kwenye visima vya mchanga vya mto Tiva, anayapandisha sokoni kwa punda wake mmoja aitwaye Kavaluku, mitungi minne kila safari. Ile njaa ya mwaka wa themanini na nne ilimaliza ng'ombe wake, ikamaliza mbuzi, ikamwacha Kavaluku. Punda huyo ndiye unga wa nyumba ile, na ndiye karo ya binti yake Muthoki. Alhamisi alfajiri zizi lilikutwa tupu.

Nyayo za kwato zilimfikisha Syombua kwenye geti la mbuga ya Bwana Gachanja. Bawabu alimfukuza mara tatu. Jumapili hii, mara ya nne, aliingia amelala chini ya turubai la lori la chakula cha simba, akasikia geti la pili likifungwa nyuma yake.

Nimesema mbuga kwa sababu bango la barabarani linasema hivyo. Bango hilo lina twiga watatu, kifaru na ndovu. Ndani hakuna hata mmoja wao. Kuna mbuni wawili, nyani wanaong'oa waipa za magari, na mamba asiyejisogeza tangu siku ya ufunguzi. Wapo wanaosema mamba huyo ni wa mti, na wachongaji wa Wamunyu wakiulizwa wanacheka tu.

Na kuna Sultani. Huyo ni simba aliyeachwa Nairobi na sarakasi ya kigeni iliyofilisika, mzee, mwenye manyoya yaliyonyonyoka kama zulia la hoteli ya zamani. Watu wanatoka mjini na magari yao, wanafunga vioo, wanakata tiketi, wanazunguka polepole kwenye vumbi ili wamtazame akilala. Bibi yake Syombua alikuwa akiwafukuza simba wazima kwenye mbuzi wake kwa kijinga cha moto, na hakuna aliyemkatia tiketi.

Syombua aliruka kutoka kwenye lori, akamsukuma mbuni kifuani, akajikuta kwenye ua wa nyuma wenye mapipa na nyasi kavu. Hapo ndipo alipokutana uso kwa uso na Kiema.

"Mama Muthoki! Ngai! Umeingia aje humu?"

Kiema ndiye dereva wa lori, ndiye mlishaji wa simba, na kanisani ndiye anayeimba besi. Ni mtu mwema kwa siku ambazo wema hauna gharama.

"Nimeingia na chakula," alisema Syombua. "Punda yangu iko wapi?"

"Punda gani sasa, mama?"

"Kiema, hiyo mikono yako ni ya nini?"

Kiema aliitazama mikono yake. Ilikuwa myeupe kwa chokaa mpaka kwenye viwiko.

"Nilikuwa napaka ukuta."

"Ukuta gani? Hapa ni waya tupu!"

Macho ya Kiema yalimsaliti. Yaliruka kuelekea nyuma ya lori, kwenye nguzo. Syombua akayafuata.

Kwenye nguzo alikuwa amefungwa pundamilia.

Alikuwa pundamilia wa ajabu. Mistari yake mingine ilipanda, mingine ilikwenda pembeni, na mmoja chini ya tumbo ulikuwa umepotea njia kabisa. Chokaa ilikuwa bado mbichi. Masikio yote mawili yalikuwa yamepakwa oili chafu ya lori mpaka yakawa meusi kama makaa.

Syombua aliweka vidole viwili mdomoni, akapiga mbinja mara mbili fupi na moja ndefu, kama anavyopiga kila asubuhi pale mtoni. Pundamilia aliinua kichwa, akafungua mdomo, akalia kilio cha punda kilichosikika mpaka barabarani.

"Kavaluku!"

Alimkumbatia shingoni na chokaa ikamjaa kifuani. Alilia, na hakuona haya kulia. Kisha akageuka, na Kiema akarudi nyuma hatua mbili.

"Umeifanya nini punda yangu?"

"Si mimi, mama, ni bosi! Amesema watu ya Nairobi hawawezi kuja mbali hivi kuona simba ikikula punda. Wanataka pundamilia, kama ile ya kwa kalenda."

"Si mngetafuta pundamilia ya ukweli?"

"Hiyo ni ya serikali. Ukiigusa unafungwa."

"Na ya mjane haina serikali," alisema Syombua.

Kipaza sauti kilikohoa upande wa pili wa waya. Ilikuwa sauti ya Bwana Gachanja mwenyewe, nene na yenye furaha.

"Mabibi na mabwana! Imebaki dakika kumi! Saa kumi kamili Sultani atatoka! Hajakula tangu Jumatano! Mtaona kwa macho yenu vile mfalme wa msitu anakamata nyama yake!"

Honi za magari zikamshangilia. Watu walioshiba wali na kuku walikuwa wanapiga honi ili mnyama mwenye njaa amrarue mnyama aliyefungwa kamba. Hao ndio wanaotuita sisi washamba.

Syombua alianza kuifungua kamba kwenye nguzo.

"Nani aliileta hapa, Kiema?"

"Mama, usiniulize."

"Nani?"

"Shemeji yako," Kiema alinong'ona. "Mzee Muthama."

Vidole vya Syombua vilisimama juu ya fundo. Muthama! Ndugu wa damu wa marehemu mumewe! Mzee wa kanisa, mwenye kusoma matangazo kila Jumapili! Boma lake na la Syombua yametenganishwa na ua wa mkonge tu. Alhamisi hiyo hiyo alikuja kumpa pole, akaomba dua ya robo saa juu ya zizi tupu, akanywa chai vikombe viwili.

Na kabla Syombua hajamaliza kumlaani moyoni, geti dogo la waya lilifunguka na Muthama mwenyewe akaingia.

Alikuwa amevaa suti yake ya kijivu, ile inayokaa sandukuni pamoja na vidonge vya kufukuza nondo na kutolewa kwa harusi, mazishi na wageni wa maana. Harufu ya vidonge ilimtangulia. Leo mgeni wa maana alikuwa yeye mwenyewe, kwa maana ndiye aliyeileta kwaya nzima ya kanisa kwa basi ije kuona maajabu ya uumbaji.

"Kiema, kwa nini hiyo kitu inalia kama pun…" Akamwona Syombua. Mdomo ukabaki wazi.

"Maliza, shemeji," alisema Syombua. "Kama nini?"

Muthama aliirukia kamba, Syombua akaishika upande wake, wakavutana kama watoto wawili na Kavaluku katikati. Muthama alikuwa na uzito. Alimvuta punda, akamvuta na mjane, wakapita wote kwenye geti dogo mpaka ndani ya uwanja wa simba, mbele ya kila mtu.

Uwanja huo ni wa vumbi, umezungushiwa waya, na banda la Sultani liko upande wa mbali. Mlango wa banda unavutwa kwa kamba kutoka kwenye jukwaa la mbao analokaa Gachanja na kipaza sauti chake. Magari yalikuwa yamepangwa duara humo ndani, Pijo na Datsun zilizooshwa vizuri, na mwisho wa mstari basi la kwaya lenye madirisha matatu yasiyo na vioo. Mlango wa banda ulikuwa bado umefungwa, kwa hiyo watu walikuwa wametoa vichwa nje wakila karanga.

Kavaluku aliona watu wengi, akafurahi, akalia tena.

Basi zima likaanza kucheka. Hakuna Mkamba asiyeijua sauti ile.

"Haiya!" akasema mama mmoja dirishani. "Pundamilia ya wapi inalia hivyo?"

"Hii ni Kavaluku!" Syombua alipaza sauti. "Hii ni punda yangu ya maji! Muthama ameiba punda ya mjane akaileta iliwe na simba!"

Kicheko kilichoanza kwenye basi kilikatika. Kwenye magari ya Nairobi kiliendelea, maana huko walidhani ni sehemu ya shoo.

Muthama aliona nyuso za kwaya yake, akaona tenzi na heshima yake yote ya miaka kumi na minane vikiyeyuka vumbini. Alirekebisha tai. Alipozungumza, alitumia sauti ile ile ya matangazo.

"Ndugu zangu, msidanganywe na kilio. Ndiyo, ni punda. Lakini hakuna mtu ameiba. Musembi alikuwa ndugu yangu. Musembi akalala. Mali ya boma lake ni mali ya ukoo, na mkubwa wa ukoo hapa ni mimi. Mtu anaweza kuiba kitu yake?"

"Musembi hakuacha punda!" alisema Syombua.

"Tazameni sikio!" Muthama alinguruma, sasa amepata moto. "Sisi watu wa ukoo wetu tunakata wapi? Ncha ya sikio la kulia, mkato mmoja! Ng'ombe wetu wote, mbuzi wetu wote! Pangusa hiyo oili! Na kama hiyo sikio haina alama ya kwetu, mimi Muthama nitabaki hapa niliwe na simba badala ya punda!"

Aliyasema hayo huku amemshika punda kamba, na wala hakuligusa lile sikio. Hakuona haja. Kwake yeye kila chenye miguu minne ndani ya boma la ndugu yake lazima kiwe na mkato mmoja kuliani.

Mlango wa basi ulifunguka. Akashuka Kalondu, mama mkongwe anayeongoza kwaya, mwenye kuzijua alama za koo zote kuanzia Matinyani mpaka Kibwezi. Alichukua chupa ya maji kwa dereva, akalowesha ncha ya leso yake, akamshika Kavaluku sikio la kulia na kulisugua. Alisugua taratibu, kama anayeosha mtoto uso.

Sikio la kulia lilikuwa zima. Halikuwa hata na mkwaruzo.

Kalondu alihamia la kushoto. Oili ikatoka, na chini ya oili ikaonekana mikato miwili, karibu karibu, kwenye ukingo wa chini.

"Miwili, kushoto," alisema Kalondu. Alimgeukia Muthama na kumtazama kuanzia viatu mpaka tai. "Hiyo ni ya watu wa Mutunga wa Matiliku. Hiyo ni alama ya kwa baba yake huyu mama. Hiyo ukoo yenu imeingia wapi hapa?"

Ndivyo ilivyokuwa. Musembi alipozikwa, Mzee Mutunga alisikia kwamba binti yake anabeba maji mgongoni. Akamtoa punda kwenye zizi lake mwenyewe na kumwongoza kwa miguu siku tatu kutoka Matiliku mpaka Kwa Vonza. Punda alikuja na alama ya nyumbani kwao, na mnyama aliyekwisha kukatwa sikio hakatwi tena. Mtoto yeyote aliyewahi kumshika Kavaluku kichwa akinywa maji anajua hivyo.

Muthama hakujua. Miaka mitatu amepita kando ya zizi lile, na siku zote alikuwa akitazama bei tu. Hakuwahi kumwekea shemeji yake mtungi mmoja juu ya punda huyo.

Basi lilipasuka kwa kicheko. Walicheka sauti ya kwanza, wakacheka alto, wakacheka tena. Mtu mmoja huko nyuma aliuliza kama mzee anataka kuliwa na chumvi au bila.

"Nyamazeni!" kipaza sauti kikalia. Gachanja alikuwa amesimama jukwaani, kofia mkononi, uso umeiva kwa hasira. "Sisi hatukuja hapa kwa kesi ya masikio! Nyinyi watu mtamalizana kwa chifu! Wageni wangu wanangoja! Saa imefika!"

"Bosi, ngoja!" Kiema alipiga kelele kutoka kwenye geti dogo. "Kuna watu chini!"

"Watatoka! Watu wa huku wanajua kukimbia!"

Na mpumbavu yule akavuta kamba.

Mlango wa banda ulipanda juu ukilia. Vioo vya magari vyote vilipandishwa pamoja. Kalondu, ambaye kanisani hushikwa mikono miwili akipanda ngazi tatu, aliruka ndani ya basi bila kushikwa na mtu. Syombua alimvuta Kavaluku, akapita naye kwenye geti dogo, akalifunga, akalisukuma gogo la komeo mpaka mwisho.

Akabaki Muthama.

Alikuwa ameinama akitafuta kofia yake iliyomdondoka walipovutana kamba. Alipoinuka alijikuta peke yake katikati ya duara la magari, na Sultani ametoka nje ya banda, mbavu zikihesabika, mkia ukigonga ardhi.

Muthama alikimbilia basi. Akaupiga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Fungueni! Ni mimi! Mzee wenu!"

"Tunakuombea, mzee!" zilijibu sauti kutoka ndani, kwa upendo mkubwa. Mlango haukufunguka.

Sultani alianza kutembea. Hakuwa na haraka. Muthama aliliacha basi, akakimbia na viatu vyake vya ngozi mpaka kwenye geti dogo, akaingiza vidole kwenye waya. Upande wa pili, hatua moja kutoka kwake, alisimama Syombua, mkono mmoja kwenye komeo, mkono mwingine kwenye kamba ya punda.

"Shemeji, fungua! Fungua, nakufa!"

"Usifungue, mama!" alilia Kiema. Alikuwa tayari juu ya paa la lori. "Simba itaingia huku!"

Syombua hakumwangalia Kiema. Alimtazama Muthama kwenye waya.

"Punda ni ya nani?"

"Ni yako!"

"Sema basi lisikie."

"Ni yako!" Muthama alipiga kelele, jasho na machozi vikichanganyika. "Ni yako, na ile ya Mama Nzuki, na zile mbili za kwa Muli! Zote nilileta mimi! Niliziuza mimi! Fungua!"

Madirisha matatu yasiyo na vioo yalimsikia vizuri sana. Hakuna aliyecheka tena.

Syombua alimchukia mtu yule, na sitaficha hilo. Alimchukia kwa dua ya robo saa na kwa vikombe viwili vya chai. Lakini Muthama alikuwa na pua ile ile ya Musembi, na pua hiyo ilikuwa imebanwa kwenye waya ikitetemeka. Syombua alitazama simba. Bado kulikuwa na nafasi. Afungue, aingie, afunge.

Akalichomoa lile gogo la komeo.

Muthama alisukuma geti kwa uzito wake wote, akaingia hatua moja, akaanguka kifudifudi palepale kizingitini. Kichwa kilikuwa ndani na miguu nje. Syombua alilisukuma geti kwa bega. Lilifika kwenye kiuno cha Muthama, likagoma.

"Ingia! Vuta miguu! Muthama!"

Muthama alikuwa amezimia.

Sultani akafika. Alisimama juu ya mzee wa kanisa, akashusha pua kwenye ile suti ya kijivu, akanusa mgongo, akanusa kola. Vile vidonge vya nondo vikamwingia puani. Simba ambaye hajala tangu Jumatano akakunja uso, akapiga chafya mara mbili, akamruka Muthama kama mtu anavyoruka mavi ya ng'ombe njiani.

Na sasa alikuwa ndani ya ua wa nyuma, bila waya wowote mbele yake. Macho yake ya manjano yalikwenda moja kwa moja kwa Kavaluku, na Kavaluku akalia.

Syombua alimvuta punda nyuma ya mgongo wake. Gogo la komeo lilikuwa bado mkononi mwake. Akalishika kwa mikono miwili.

"Huyu ni wangu," akamwambia simba. "Wako ni yule umeruka."

Sultani alishusha kichwa, akakaza miguu ya nyuma.

(Itaendelea)